Ufalme wa Mavundeni na nguzo iliyong'olewa: uchambuzi wa hadithi iliyokwama sura ya tano

Vijana wanne wa Malindi walikuwa wakiandika hadithi ya mfululizo kuhusu ufalme wa kubuni waliouita Mavundeni. Ufalme huo umo ndani ya msitu wa mvua, hauna jirani wala bandari, na wenyeji wake huabudu mizimu na kuuamuru udongo. Malkia akigonga ardhi kwa kisigino, ukuta unainuka. Akipuliza shambani, mahindi yanakomaa kabla ya magharibi. Sura nne za kwanza zilitoka kwa raha, zikasomwa kwa sauti kibarazani na kurushwa kwenye simu za marafiki. Ya tano ndiyo iliyowavuruga. Mchoraji wao, msichana wa Kigiriama, alikataa kuchora tukio kuu la sura hiyo, akasema likibaki yeye anatoka. Wenzake wakamwona amekuja na vikwazo wakati kazi imenoga. Kalamu zikawekwa chini.

Waliniletea mswada na michoro ili niwe mwamuzi, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri hadithi. Wameniruhusu nikiandike kisa hiki bila kuwataja. Waliosikia habari hii mtaani waliigawa pande mbili, huku mila, huku uhuru wa kubuni, na kila mtu akachagua pa kusimama. Mimi sikuona hivyo. Nilipousoma mswada tangu mwanzo niliona tatizo la ufundi lililozaliwa sura ya kwanza na kukua taratibu, na ile nguzo ya sura ya tano ni pale tu lilipotokeza nje.

Tukio lenyewe

Shujaa wa hadithi ni kijana yatima anayekimbizwa na mchawi mzee mwenye mvi. Usiku anaingia makaburini. Mbele yake imesimama nguzo ya mbao yenye kichwa cha mviringo, kiwiliwili chake kimenakshiwa pembetatu, kiunoni imefungwa vitambaa. Anaing'oa na kuifanya fimbo. Fimbo inamtambua, ardhi inapasuka, mchawi anamezwa, sura inaisha. Kwa mwendo wa hadithi za vita na miujiza, tukio limepangwa vizuri. Mwandishi wake anajua kuharakisha sentensi.

Lakini hakuna msomaji wa Kilifi asiyeijua nguzo hiyo. Ni kigango. Husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha watu wenye hadhi miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya jirani zao. Marehemu hudai haki yake kwa kuja ndotoni au kwa maradhi yanayoiandama nyumba, na familia ikishasimamisha kigango, hakiondolewi. Ukoo ukihama, chenyewe kinabaki pale pale, kinyeshewe na kuliwa na mchwa mpaka kiishe. Huko walikohamia wanaweza kusimamisha kingine kidogo, ila kile cha kwanza hakiguswi.

Kwa miongo kadhaa vigango viling'olewa usiku na kuuzwa kwa wachuuzi wa vinyago, na kutoka hapo vikavuka bahari. Watafiti waliovisaka nchini Marekani walihesabu visivyopungua 294 katika makumbusho 19. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwenye boma moja vilitambuliwa kwa sababu mtafiti alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa kando yavyo, na vikarudishwa mwaka 2007. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha vingine 37 kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vingi vilivyorudi havijulikani viling'olewa boma lipi, kwa hiyo kurudi Kenya si sawa na kurudi nyumbani.

Msichana hakuyaeleza yote hayo. Alisema jambo moja tu: "Hawe wangu (bibi yangu) akisikia kwamba aliyeng'oa ndiye shujaa, ataniuliza, basi mwizi ni nani?"

Wenzake walimjibu kwamba ni hadithi tu, Mavundeni haipo, na nguzo ile si kigango bali "inafanana". Mmoja wao akauliza swali ambalo naliheshimu: tukiondoa kila kinachofanana na cha kweli, tutabaki na nini? Kumwambia mwandishi abuni kila kitu kutoka hewani ni kumwonea. Nililirudisha swali lile kwenye mswada kwa namna nyingine: kwa nini shujaa aliihitaji nguzo hiyo hata kidogo? Ukisoma sura nne za mwanzo unaona. Uganga wa Mavundeni hauna bei. Malkia anainua kuta, hachoki, hapotezi kitu, hamdai mtu wala hadaiwi. Mizimu inaombwa na inatoa, kama duka lisilo na daftari la deni. Ilipofika saa ya hatari, waandishi hawakuwa na kitu chochote chenye uzito ndani ya ulimwengu wao, wakanyoosha mkono kwa jirani na kuchukua kile kizito kuliko vyote. Walikopa machozi ya boma la watu ili kusisimua ukurasa wao.

Udongo

Nilianza na udongo kwa sababu ndio walioupa jina la nguvu zao.

Mfano wao wa msitu ulikuwa Arabuko-Sokoke, walikotembezwa enzi za shule. Ni msitu wa ajabu, una kilomita za mraba kama 420, na ndio mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki. Ila si msitu wa mvua. Ni msitu mkavu wa pwani, wa mirihi inayopukutisha majani kwenye mchanga mweupe, wa mibambakofi na mihugu. Kwa hiyo Mavundeni hunyesha kila siku kwenye ramani, halafu sura ya pili shujaa anajificha chini ya majani makavu yanayolia chini ya nyayo za adui. Anayetaka msitu wa mvua wa Kenya aende Kakamega, pembe ya mashariki ya misitu ile mikubwa ya Kongo. Hapo majani ya chini hayalii. Yanaoza.

Na kuoza huko ndiko kwenye hadithi. Udongo wa misitu ya mvua, mara nyingi, ni maskini. Joto na maji havilali, kilichoanguka huozeshwa upesi, na mizizi iliyo karibu na uso wa ardhi hukinyonya kabla mvua haijakishusha chini. Utajiri wa msitu wa namna hiyo umo ndani ya miti yenyewe. Ukate msitu, uuchome, utavuna kutokana na majivu misimu michache, kisha shamba linachoka na mkulima anahama. Sasa mrudie malkia anayepuliza mahindi yakakomaa kabla ya magharibi. Chakula cha mahindi hayo kimetoka wapi? Kwenye udongo hakikuwamo. Niliwaambia: upo mti uliokufa mahali fulani ili shamba lile lizae, na ninyi hamjatuonyesha mti huo ni wa nani.

Kimya kilikuwa kirefu. Nadhani hapo ndipo kazi ilipoanza upya, ingawa hatukujua.

Mahindi yenyewe ni kasoro nyingine, ndogo na ya kuchekesha. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, na vililetwa Afrika kuanzia karne ya 16. Ufalme uliojifungia tangu dunia kuumbwa unayapata wapi? Wakabadilisha wakaweka viazi vikuu na michikichi, na mara msitu ukaanza kunuka msitu. Mmoja alitaka mbaazi zibaki kwa mapenzi tu. Nazo zilitoka India, nikamwambia, akanuna.

Ufalme usiofikika

"Hakuna aliyewahi kuingia wala kutoka." Sentensi hiyo imo sura ya kwanza, na imeandikwa kwa fahari. Chumvi je? Watu wa bara la msitu wanaweza kuchoma mimea fulani na kuchuja chumvi kwenye majivu, jambo lililofanywa sehemu nyingi za Afrika ya kati, ila ni kazi ya kutwa kwa konzi moja. Chuma je? Mapanga ya walinzi yalifuliwa wapi? Malindi tunaishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, tunaiona ikikaushwa kwenye jua hadi tumesahau kwamba ni mali.

Mfano wa ufalme uliojificha tunao kilomita kama 15 kutoka mjini. Mji wa mawe wa Gede ulistawi kwa karne kadhaa na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Una msikiti wa Ijumaa, kasri, visima, na nyumba zenye vyoo. Wareno waliishi Malindi sehemu kubwa ya karne ya 16, na katika maandishi yao yanayojulikana mji huo hautajwi. Mtu angesema basi ulikuwa umetengwa na dunia. Lakini mwanaakiolojia James Kirkman alipoufukua kuanzia mwaka 1948 alikuta vyombo vya kaure vya China, vigae vya Uajemi na shanga za kioo. Bidhaa za dunia ziliingia. Wageni wakaishi jirani bila kuandika habari zake. Tangu mwaka 2024 mji huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia, na bado hakuna jibu moja linalowaridhisha wote kuhusu kwa nini watu wake waliondoka.

Huo ndio utengano wenye maana katika hadithi: njia ipo, na kuna mtu anayeamua nani apite. Biashara ya pembe za ndovu huku kwetu ilikuwa hivyo. Wawindaji wa Waata waliua ndovu ndani, Wagiriama wakapokea na kuwapelekea watu wa mwambao, na kila aliyekuwa katikati alikuwa na sababu nzuri ya kutowakutanisha wa mwisho wawili. Mavundeni ilihitaji ukoo wa katikati kama huo. Kijana mwenye asili ya Shela aliuchangamkia akaandika usiku kucha kuhusu nyumba moja inayomiliki njia ya chumvi, ambayo inatajirika kadiri ufalme unavyoamini kwamba nje hakuna watu. Sasa tuna sababu ya kutengwa, na tuna adui ambaye hana haja ya kuwa na pembe kichwani.

Kijana huyo huyo alikuwa na wasiwasi mwingine: je, kuandika juu ya watu wanaoabudu mizimu na kuwafanya wapendeke ni shirki? Hilo aliwauliza wakubwa wake, si mimi, na alirudi akaendelea kuandika.

Nani anayekataza?

Msichana alipendekeza waende kumwona mzee mmoja wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa wahenga wao, jamaa wa upande wa mamake. Sikwenda nao. Nilichopata ni masimulizi yao manne, na yanatofautiana karibu kila mahali isipokuwa kwenye jambo moja. Walimwamkia, akawaitikia na kuwakalisha, akawasikiliza wakieleza ufalme wao tangu malkia hadi mchawi. Hakukasirika. Akauliza: "Huko kwenu wanangu, nani anayekataza?"

Hawakuwa na jibu, na mimi nilipolisikia swali nilitamani ningekuwa nimeliuliza mwenyewe.

Makaya ya Mijikenda, yaani Wagiriama na jamii za jirani zao, yaliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, yalikuwa vijiji vyenye ngome ndani ya misitu, na yametawanyika mwambao wa kilomita kama 200. Watu walianza kuyajenga karne ya 16 na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamehamia nje. Misitu ikabaki. Imebaki vipi, wakati misitu isiyo na mizimu imegeuka makaa na mashamba? Kwa makatazo. Usikate, usilishe mifugo, usitoke kwenye njia, usiguse panapofichwa fingo, kinga iliyozikwa kuulinda mji. Anayevunja hutozwa kuku au mbuzi, na huyo mnyama huchinjwa kuwatuliza waliokosewa. Nguvu za kaya, ukizitazama kwa jicho la mwandishi, zimeshonwa kwa mambo ambayo mtu hafanyi. Mavundeni kila mtu alifanya alichotaka, ndiyo maana mizimu yake haikutisha wala kupendeza.

Na kama mtu anadhani makatazo hayana msisimko, amtazame Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama. Mwaka 1913 yeye na Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha Wagiriama, wanawake kiapo chao na wanaume chao, kwamba hawatatoa kodi wala vibarua kwa Waingereza. Hakuna ardhi iliyopasuka. Watu waliacha tu kutii, maafisa wakaita hakuna anayeitika. Serikali ilielewa nguvu hiyo ilikokaa: iliwahamishia wawili hao magharibi ya nchi, wakatoroka na kurudi, na Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Dola inayolipua msitu kwa sababu ya maneno yaliyosemwa humo inakiri kwamba maneno yale yalifanya kazi. Nikawauliza vijana: katika sura zenu nne kuna kiapo hata kimoja? Hakikuwepo.

Jambo la mchawi mwenye mvi niliwaambia waziwazi, wala sikulizungushia maneno. Katika kaunti hii wazee wameuawa wakisingiziwa uchawi, wengine wamekimbia makwao kutafuta hifadhi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mwana au mpwa analitaka. Mvi zenyewe zimekuwa ushahidi. Hadithi inayosomwa kibarazani Malindi, ambayo mzee mwenye mvi anamezwa na ardhi huku wasikilizaji wakishangilia, haiingii masikioni kama inavyoingia mahali ambapo hakuna mzee anayelala na hofu hiyo. Simaanishi hadithi isiwe na mzee mwovu. Nasema mwandishi wa hapa hana udhuru wa kutojua.

Walichoandika upya

Sheria ya kwanza iliwekwa na kijana aliyekuwa mbishi kuliko wote: udongo unahamishwa, hauumbwi. Rutuba ikija hapa imetoka kule. Ukuta ukiinuka mbele ya kasri, mahali fulani pamebaki shimo, na sura ya pili sasa ina kijiji kinachoamka na kukuta kisima chake kimeporomoka usiku ule ule malkia alipojikinga. Hakuna anayemweleza malkia. Hiyo ni sura bora kuliko zote walizowahi kuandika.

Sheria ya pili ilitoka kwa mchoraji, na ndiyo iliyofungua sura ya tano. Mavundeni, wafu huzikwa chini ya miche. Mti unakuwa na jina la marehemu, wajukuu wanauamkia, wanaupelekea kinywaji, wanaugombania kivuli. Na kwa kuwa rutuba yote ya ule msitu imo ndani ya miti, mganga hawezi kuhamisha udongo bila kunyonya mti wa mtu wake. Mti wa jirani haumsikii. Kwa hiyo kila ukuta ulioinuka ufalmeni ulilipiwa na marehemu wa nyumba fulani, na nyumba ya kifalme imebaki na miti michache sana.

Sasa shujaa anapoingia makaburini usiku hakuti fimbo inayomngoja. Anaukuta mti wa mamake, mti pekee alio nao. Anaweza kumzuia adui, akitaka, na kesho yake hatakuwa na wa kumwamkia. Mchoraji alichora ukurasa huo kabla maneno hayajaandikwa. Nguzo haimo, na hakuna aliyeikumbuka.

Ningependa wengine wanaobuni falme za namna hii walitazame hilo kwa makini. Kaya haikuondolewa kwenye hadithi. Imo zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa Mavundeni ina makatazo, madeni, wafu wanaodai na walio hai wanaojivuta kulipa. Kilichoondoka ni umbo la kitu cha watu. Wenzake walipomlalamikia mchoraji kwamba anawafungia mlango wa mila yao ya pwani, hawakujua kwamba kuiga nakshi ni kubaki barazani. Ndani hawakuwa wameingia.

Limebaki la mzee. Wawili wanataka mchawi abaki na mvi zake. Mmoja wao anasema ngano alizolelewa nazo Lamu zimejaa wazee wa kutisha na hakuna aliyedhurika. Msichana na yule kijana wa Shela wameandika sura nyingine, ambayo mzee anasingiziwa kunyonya miti ya watu, na anayemsingizia ni mpwa wake mwenye sehemu katika njia ya chumvi. Mimi naiona hiyo ya pili kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu inaibana nyumba ya chumvi ambayo tayari imejengwa, ilhali mchawi wa zamani hana kazi tena tangu uganga upate bei. Lakini sura yao bado ina hotuba, mpwa anaeleza tamaa yake kwa kinywa chake mwenyewe, ukurasa mzima, na hilo lazima likatwe. Wamekubaliana kuzisoma zote mbili kibarazani na kusikiliza watu wanacheka wapi. Nimewashauri waanze na ile ya pili, wakati wasikilizaji hawajachoka.